Njia ya Miguuni

Katika duka la Ya Vahwere, nyuma ya soko kuu la Bunia, mimi ndiye ninayeuza vifaa vya kuonyesha njia. Kila mteja ana swali lake lile lile kabla hajatoa pesa: "Inasema kweli?" Zamani nilikuwa najibu kwa tabasamu. Siku hizi najibu uso umekunjamana, na Ya Vahwere ameshanionya kwamba uso wangu unafukuza watu. Uso ni wangu, duka ni lake, tutavumiliana.

Wateja wenyewe ni vituko. Kuna vifaa vidogo kama kiberiti, vya kufichwa chini ya kiti cha pikipiki. Matajiri huvinunua ili wajue pikipiki zao zinazurura wapi, halafu kesho yake waendeshaji wanakuja kuninong'oneza niwaonyeshe vinavyotolewa. Kuna vioo vya kubandikwa mbele ya dereva, vinavyoongea Kifaransa kwa sauti ya mwanamke. Nusu ya njia za Bunia mwanamke yule hazijui, basi hushinda anakwambia ugeuke kulia mahali palipo na mtaro, tena kwa adabu. Kuna saa za mkononi. Pasta mmoja mwenye ugonjwa wa sukari alinunua moja ili imhesabie matembezi yake, na sasa anatembea akiangalia mkono, anagongana na watu.

Wavuvi wa Kasenyi wanapenda vile vya kushika, visivyoogopa maji. Juu ya ziwa hakuna jiwe la mpaka, na askari wa ng'ambo hawana muda wa kusikiliza maelezo ya mvuvi aliyepotea. Mama Arielle, mwenye vitenge, hufuata lori lake kwa simu mpaka Ariwara, na nukta ikisimama muda mrefu karibu na mabaa, dereva anatukanwa kabla hajashuka. Séphora naye alinunua kile cha pikipiki. Kwao hakuna pikipiki. Kuna mume. Nilimfungia kifaa chake kwenye mfuko wa plastiki, nikamtakia siku njema.

Hao wote vifaa viliwaambia kweli. Mama yangu pia kilimwambia kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyotumaliza.

Kiwanja chetu kiko mwisho wa mji, upande wa barabara ya Bogoro. Baba yangu, Placide, alikipata alipotoka Mahagi kuja kutafuta maisha, akajenga nyumba mbele, akapanda miti ya ua nyuma. Mwisho kabisa, karibu na ile miti, alimzika mdogo wangu Davy, aliyekufa kwa malaria kabla hajaanza shule. Kichwa cha Davy kilielekezwa kwenye ua, miguu kwenye nyumba. Baba alitaka hivyo, ili siku mtoto akiamka, kitu cha kwanza kukiona kiwe nyumba yao. Baba alipofariki, mama aliwaambia wachimbaji wamlaze vivyo hivyo, lakini wasimbananishe na mwanawe. Waache nafasi katikati. Nafasi ile ilikuwa yake mwenyewe, Godelive, na hakuna aliyehitaji kuuliza. Alipanda maua pembeni, akawa anapalilia yote pamoja, makaburi mawili na nafasi ya la tatu, kama mtu anayetandika kitanda chake.

Sasa, kwetu mtu hapiti kichwani kwa aliyelala. Awe hai kwenye mkeka, awe kaburini, unapita miguuni kwake. Upande wa kichwani hupitia wale tu waliokuja kumbeba maiti. Ukipita huko bila sababu, ni sawa na kumwambia mtu kwamba kazi yako naye imekwisha. Nilichapwa kwa kosa hilo nikiwa mdogo, na mpaka leo, hata nikiwa na haraka ya kukimbilia mvua, nitazunguka. Sifikiri. Miguu inajua yenyewe.

Miaka ile ya vita tulikimbia, nyumba ikabaki peke yake, na watu waliobaki wakakata miti ya ua wakapikia. Siwalaumu sana, nao walikuwa na njaa. Tuliporudi, nyuma ya makaburi hakukuwa na ua tena. Kulikuwa na majani tu, yanaendelea moja kwa moja mpaka kwenye kiwanja cha nyuma, na kiwanja hicho kikaja kununuliwa na Papa Vital, mwenye maghala ya saruji. Mtu mpole. Ukimsalimia anavua kofia. Laiti angekuwa mtu wa kelele, ningejua mapema namna ya kumchukia.

Ugomvi wa mipaka ulipozidi katika mtaa wetu, shefu wa kartie, ndiye mkuu wa mtaa, Mama Bernadette, aliamua kila mtu apimiwe kwa kifaa. Alimleta mpimaji, ambaye mashine yake ilikuwa imekufa, basi akaazima moja dukani kwetu, ile nyeusi na njano ya kushika mkononi. Mimi mwenyewe niliitia betri mpya. Ukiitembeza, inachora mstari nyuma yako kwenye kioo chake, hatua kwa hatua, mpaka urudi ulipoanzia. Mama Bernadette akaweka sheria yake. Alisimama katikati ya barabara, mkono kiunoni, akaitangaza:

"Mwenye parsele njo atabeba mashini. Hapana géomètre, hapana mutoto yake, hapana mutu mwengine. Bajirani batamufuata nyuma, kinywa kimya. Hakuna kusonza kidole, hakuna kukohoa. Kesho mutu asikuje kuniambia eti balimusukuma."

Yaani mwenye kiwanja mwenyewe ndiye abebe kifaa, si mpimaji wala mtoto wake, na jirani asinyooshe hata kidole. Watu walimpigia makofi. Hata mimi niliposimuliwa nilisema huyu mama ana akili. Na kweli ana akili, hilo silikatai.

Siku ya kiwanja chetu nilikuwa kazini. Mama alivaa kitenge kizuri, akakishika kifaa kwa mikono miwili kama anavyoshika sahani ya sadaka, akaanza kutembea. Nyuma yake walikuwa Papa Vital, majirani wengine, mpimaji na Mama Bernadette, wote kimya. Alifuata barabara, akashuka upande wa kulia, akakata kuelekea upande wa nyuma. Akafika kwenye makaburi. Hapo akafanya alichofanya kila siku ya maisha yake. Akaingia ndani kidogo, akapita miguuni kwa Davy, miguuni kwa nafasi yake, miguuni kwa baba, akatoka upande wa pili na kurudi nyuma kwenye mpaka, akaendelea. Hakuna aliyesema neno, maana ndiyo ilikuwa sheria.

Jioni aliniandalia sombe na samaki, amefurahi kuliko siku nyingi. Mpimaji alikuwa amemwonyesha mstari kwenye kioo, akaona mahali umepinda, akauliza ni nini.

"Akaniambia, mama, ni pale ulizunguka," alinieleza huku akicheka. "Huguette, ile mashini iko na akili! Iliona papa yako! Iko juu kule, mbali vile, lakini ilijua kama mutu analala pale."

Nilicheka naye. Ilikuwa furaha ya bure, na mama hajapata nyingi. Wala haikutupitia akilini, si mimi wala yeye, kujiuliza mstari uliompita baba miguuni ulikuwa umemwacha upande gani.

Mpimaji alipeleka mistari yote ofisini, ikagongwa muhuri, kila mtu akapewa nakala. Yetu mama aliiweka kwenye sanduku pamoja na cheti cha ubatizo cha Davy. Kiangazi kilipofika, Papa Vital akaleta mafundi wa kujenga ukuta.

Nilikuwa namweleza mtu wa Epulu, wa kule kwenye hifadhi, namna ya kubadilisha lugha ya kifaa chake, simu ikalia.

"Huguette, kuja," mama alisema. "Banafunga kamba ku miguu ya papa yako."

Nilipanda pikipiki ya kwanza niliyoiona. Nilikuta kamba nyeupe imevutwa kutoka kona ya kiwanja, imenyooka vizuri, ikafika kwenye makaburi, ikaingia ndani, ikazunguka maua ya mama, ikatoka tena. Fundi mkuu alikuwa anafuata karatasi yake, hana habari. Mama alikuwa amesimama ndani ya kile kizingo, kati ya kamba na kaburi, amefungua mikono kama anayezuia mbuzi.

Papa Vital alikuja. Alivua kofia.

"Mama Huguette, miye sikukata hata kipande," alisema. "Weye mwenyewe ulibeba mashini. Nilikuwa nyuma yako, kinywa kimya, sawa vile shefu alisema. Ulifika hapa, ukaingia ndani. Nikasema mu roho yangu, bon, njo mupaka."

"Papa Vital, naweza kuacha bwana yangu inje ya parsele yangu namna gani?" mama alimuuliza. "Na mutoto yangu? Unazani nilibasahau?"

"Mambo ya roho yako miye siijue. Ninajua njia yenye ulipita."

Alisema hivyo bila ukali. Ndiyo sababu nilitaka kumrushia tofali.

Tukamwita Mama Bernadette. Alikuja kesho yake na mpimaji, na watu wa mtaa wakajaa, maana hakuna sinema inayoshinda ugomvi wa kiwanja. Mama alieleza desturi ya kwetu tangu mwanzo. Wazee wawili wa Mahagi waliokuwepo wakatikisa vichwa, ndiyo, ni hivyo hivyo. Mama Bernadette alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno ambayo bado nayasikia, kwa sababu kwa dakika chache tulikuwa tumeokoka.

"Miye ninamuamini. Desturi yao ninaijua, na kwetu kuko yetu. Mutu mwenye hapite ku kichwa ya mufu, lazima atazunguka. Hakuzunguka sababu ya mupaka. Alizunguka sababu ya heshima. Papa Vital, ungekuwa weye, ungefanya nini?"

Papa Vital alizungusha kofia mikononi. Mama alianza kulia taratibu, kilio cha shukrani.

"Lakini," Mama Bernadette akaendelea, na mimi nikajua kwamba neno hilo halijawahi kumletea mjane zawadi, "mashini haiandike njia yenye mutu hakutembea. Ofisi inataka laini mupya. Mama Huguette atembee tena, apite pale mupaka iko."

"Pale mpaka uko" ilikuwa ni kichwani kwa baba.

Kama kuna kitu ninachokijua duniani, ni vifaa vile. Nikaingilia.

"Mama shefu, hakuna haja atembee. Hii mashini iko na bouton ya kuweka alama. Aweke alama moja ku kona hii, ingine ku kona ile, géomètre anaunganisha na laini moja. Hakuna mutu atapita ku kichwa ya mutu."

Mpimaji alijua nasema kweli. Nilimwona anafungua mdomo, halafu anamwangalia shefu, halafu anaufunga. Siku nyingine nikimwona dukani nitamuuzia betri zilizokufa.

"Avenue muzima batu balitembea," Mama Bernadette alijibu. "Wazee balitembea, mama wenye mimba balitembea. Nikiwekea mama yako alama, kesho kila mutu atakuja na alama yake, na mutauana. Hapana. Atembee."

"Basi nitatembea miye."

"Weye njo mwenye parsele?"

"Hapana."

"Basi unyamaze."

Nilimwambia pia kwamba kifaa kile hukosea, hatua kadhaa huku au huku, hata maboksi yenyewe yanasema hivyo, haiwezekani kumtenga mtu na mfu wake kwa kitu kinachokosea hatua kadhaa. Papa Vital akasema kwa upole kwamba kama kinakosea, basi labda kilimkosea yeye pia, na ardhi yake inaingia zaidi upande wetu. Watu wakaguna.

Mama alikuwa anaangalia yale majani nyuma ya makaburi. Katika maisha yake yote hakuwahi kuyakanyaga. Alipopalilia, alipalilia upande wa kichwani akiwa amesimama ubavuni, amenyoosha jembe, mgongo unamuuma, lakini hakupita. Nilimshika mkono, nikamwambia kwa sauti ndogo tuache, tutafute mwanasheria. Aliutoa mkono wake.

"Mwanasheria atamurudisha papa yako ndani?" aliniuliza. "Nikikataa, banajenga. Nikipita, iko yangu. Yeye atanisamehe. Ananijua."

Alivua viatu. Akachukua kifaa, akakishika tena kwa mikono miwili, akaanza kutoka kona. Watu wakamfuata nyuma, kimya. Alipofika kwenye kaburi la Davy alisimama. Mguu wake uligeuka kuelekea ndani, nikauona, ule mguu uliozoea. Akaurudisha. Akasema kwa sauti, na sisi wote tukasikia, kwa kuwa mwenye kiwanja hakukatazwa kuongea:

"Mutoto yangu, ni miye. Papa Huguette, ni miye. Sikuje kukubeba. Unisamehe."

Na akapita. Alipita kichwani kwa mwanawe, akapita kichwani kwa nafasi yake mwenyewe, akapita kichwani kwa mumewe, macho mbele, shingo imekaza. Wale wazee wa Mahagi waliangalia pembeni. Mimi nilikuwa nimeuma kidole. Alipofika kona ya pili akamkabidhi mpimaji kifaa, na mikono yake ikabaki imeinuka vile vile, haijui iende wapi.

Mstari ulikuwa umenyooka. Baba alikuwa ndani. Davy alikuwa ndani. Niliuona kwenye kioo kwa macho yangu.

Ndipo Papa Vital akaomba ruhusa ya kusema.

"Shefu, siye wote tuliona," alisema. "Leo hii balituambia mutu wa kwao hawezi kupita pale. Hawezi! Wazee balikubali na kichwa. Sasa anapita. Miguu haikukatika. Kama anaweza kupita leo, aliweza kupita siku ile. Donc siku ile hakuzunguka sababu ya desturi. Alizunguka sababu alijua si kwake."

Sikuelewa mara moja. Niliangalia nyuso za watu, na nikaona maneno yale yakiingia ndani yao, mmoja baada ya mwingine, kama maji yanavyoingia kwenye udongo. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, eh, kumbe. Mzee mmoja wa Mahagi, wa kwetu kabisa, alisema kwa sauti ya kutosha kusikika kwamba yeye asingepita, hata kwa viwanja vyote vya Bunia. Alisema kwa uchungu, nadhani, lakini alisema.

Mama Bernadette aliinamisha kichwa muda mrefu. Nilitamani nione woga usoni pake, au aibu ya mtu aliyehongwa. Mtaani wanasema alihongwa. Mimi nasema hapana, na hilo linaniuma zaidi. Alifikiri kweli, akafikia mwisho wa mawazo yake kwa uaminifu wote.

"Mama Huguette," alisema, "nilikuwa na neno lako moja tu ya kukutetea. Sasa umeikanyaga na miguu mbele ya batu wote."

"Weye njo ulimuambia apite!" nilipiga kelele. "Weye! Kinywa yako!"

"Nilimuambia atembee mupaka. Angekataa kupita, ningejua kama desturi ni ya kweli, na ningeandika na mukono yangu. Nilimungojea akatae." Akamgeukia mpimaji. "Laini ya kwanza inabakia."

Alimngojea akatae. Nimelizungusha jambo hili kichwani mpaka limenitoboa. Mke aliyempenda mumewe kiasi cha kumkosea heshima ili asimpoteze, ndiye aliyempoteza. Angempenda kidogo, akaketi chini na kugoma, angempata. Sasa hiyo ni hukumu au ni mtego? Sina wa kumuuliza. Mama hakupiga kelele wala hakuzimia kama watu walivyotarajia. Alitafuta viatu vyake, akavikuta, akavivaa, akaingia ndani.

Ukuta ulijengwa kwa saruji nzuri, Papa Vital hana shida ya saruji. Mafundi walifuata mstari kwa uaminifu. Unatoka kona umenyooka, unafika kwa Davy, unaingia kwetu, unapita miguuni kwao wote, unarudi, unanyooka tena. Watu wanaopita barabara ya juu, upande wa Papa Vital, wanaushangaa ukuta wenye tumbo. Wanafikiri fundi alikuwa amelewa. Hawajui kwamba ile ni adabu ya mama yangu, imepigwa plasta.

Papa Vital alikuja kutuambia kwamba mlango wake uko wazi. Wakati wowote mama akitaka kupalilia, agonge tu. Na kama anataka kuwahamisha, yeye atatoa wachimbaji. Mama alimshukuru, akamwambia kwao mtu huzikwa mara moja. Nilishangaa alivyoweza kumshukuru. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, na mwiko mkononi.

Alikwenda mara moja tu. Alibeba jembe dogo, akazunguka kwa barabara ya juu, nami nikamfuata. Tuligonga kama wageni, tukafunguliwa na mlinzi aliyetuuliza tunamtafuta nani. Tulipita kati ya mirundo ya mchanga mpaka kule mwisho. Na hapo mama akasimama.

Ukuta umewazunguka pande tatu, miguuni na ubavuni huku na huku, msingi wake umemeza nafasi yote iliyobaki, hata jembe halipiti. Upande mmoja tu ndio ulio wazi, nao ni upande wa kichwani. Hakuna njia nyingine ya kuwafikia.

Alisimama pale na jembe lake. Majani yalikuwa yameshaanza kuota juu ya baba. Nilimwambia, mama, ulishapita mara moja, pita tu, upalilie. Aliniangalia kama mtu asiyenijua.

"Mara ile nilimuambia sikuje kukubeba," alisema. "Leo nitamuambia nini?"

Tukarudi nyumbani kwa njia ile ile ndefu. Tangu siku hiyo hajagonga kule tena. Asubuhi akimaliza kufagia, anakwenda na kigoda mpaka kwenye lile tumbo la ukuta, upande wetu, anakaa ameegemea saruji. Ni miguuni kwao, basi ruhusa ipo. Wakati mwingine anaongea. Sikaribii kusikiliza.

Wiki iliyopita aliniomba nije na kifaa kutoka dukani. Nilifikiri amepata wazo la kesi. Nilimwomba Ya Vahwere ile ile nyeusi na njano, akanipa bila kuuliza. Nilimkuta mama amesimama karibu na ukuta, amekwisha kufyeka majani mahali fulani, amepasawazisha kwa jembe.

"Ile bouton ulisemaka," alisema. "Ya kuweka alama bila kutembea. Iko humu?"

"Iko, mama."

"Basi weka hapa. Kule katikati hamutafika tena. Munilaze hapa, ku miguu yao, na miguu yangu iangalie nyumba. Sitaki siku ile mutu aanze kutembea-tembea na mashini, batu bamufuate nyuma."

Nilitaka kugombana naye. Nikawasha kifaa. Kilikaa kidogo kikitafuta setilaiti zake, moja, nyingine, nyingine, kikazipata zote, anga lilikuwa safi. Nikabonyeza kitufe. Kikaniuliza mahali hapa panaitwaje. Niliandika "Mama", naye akiwa amesimama pale pale, mikono imejaa udongo, ananiambia nifanye haraka maana ameacha maharagwe motoni.